Saa Inayodai Kupima Sukari Bila Kuchoma Kidole



Ilikuwa siku ya 17 ya Ramadhani iliyopita, muda mfupi baada ya swala ya Alasiri. Jamaa wengi walikuwa wamekwishaondoka, na waliosalia msikitini walikuwa wakisoma juzuu zao kwa sauti ya chini. Mzee wetu mmoja, ambaye nafasi yake katika safu ya kwanza hakuna anayethubutu kuikalia, alionekana ameegemea nguzo, jasho likimtiririka ilhali feni inazunguka juu ya kichwa chake. Alipoulizwa hali, alijibu maneno yasiyofuatana. Kijana mmoja aliinua mkono wa mzee akaitazama saa aliyokuwa ameivaa. Saa ilisema sukari ni 5.9. "Sukari yake nzuri," akatutuliza, "huenda ni joto tu."

Ilisadifu kwamba dada mmoja, muuguzi kwa kazi yake, alikuwa bado upande wa akina mama. Aliitwa, akaja na mashine ndogo ya kupimia sukari aliyoichukua mkobani, akamchoma mzee kidole. Mashine ilisema 2.6. Dada yule hakubishana na saa wala na kijana. Aliagiza maji yenye sukari nyingi, na kwa kuwa mzee alikuwa bado anaweza kumeza, alimnywesha kidogo kidogo. Haikupita nusu saa mzee akarejewa na fahamu zake zote, na neno lake la kwanza lilikuwa kutulaumu: ni nani aliyempa kinywaji mchana wa Ramadhani?

Tunaisimulia habari hii kwa idhini yake, nasi hatuwezi kujitoa katika lawama. Siku nne tu kabla ya hapo, katika kumbukumbu za kikao cha kamati ya msikiti, tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu maneno haya: "Kamati imeridhia kununua saa 5 za kupima sukari kwa nuru, wagawiwe wazee wenye kisukari, na fedha zitoke katika mfuko wa sadaka." Saa hizo zilikuwa ni za aina ile ile. Mzee mwenyewe ndiye aliyetusifia ya kwake, aliyonunuliwa na mwanawe. Nasi tuliposoma kwenye kisanduku maneno "teknolojia ya nuru" na "bila maumivu, bila damu", tuliona hiyo ni neema, hasa kwa mwenye kufunga. Hatukumuuliza mtu yeyote mwenye ujuzi.

Jioni ile, baada ya futari, kijana mmoja wa madrasa aliichukua saa ya mzee akaifunga kwenye ndizi. Saa ilitafakari kidogo, kisha ikatoa jibu: 5.7. Watoto walicheka sana. Sisi wakubwa hatukuweza kucheka.

Tangu siku hiyo tumejibidiisha kusoma na kuwauliza wanaojua, ili tupate majibu ya maswali mawili. La kwanza: je, nuru yaweza kweli kutambua kilichomo ndani ya damu? La pili: ikiwa yaweza, kwa nini saa ile ilimdanganya mzee wetu hata ikakaribia kumwangamiza? Majibu tuliyoyapata tumeona ni wajibu wetu kuwafikishia wasomaji, kwani tumeambiwa kwamba saa hizo zinauzwa mitaani na mitandaoni kila siku.

Tuanze na swali la kwanza. Jibu lake ni ndiyo, nuru yaweza, na elimu yenyewe ina umri wa karibu miaka 100.

Mwaka 1921 mwanafizikia wa Kihindi, Chandrasekhara Venkata Raman, alikuwa melini akirudi nyumbani kutoka Uingereza. Katika safari hiyo alistaajabishwa na ubuluu wa bahari ya Mediterania. Wakati huo wataalamu wengi walishikilia kwamba bahari ni ya buluu kwa sababu inaakisi mbingu tu, kama kioo. Raman hakuridhika. Aliyachunguza maji kwa kifaa kidogo kinachoondoa ule mng'ao wa mbingu juu ya maji, akaona ubuluu umebaki pale pale. Akatambua kwamba maji yenyewe huitawanya nuru inapoingia ndani yake, kama vile hewa inavyoitawanya nuru ya jua na kuifanya mbingu ionekane ya buluu.

Aliporejea Calcutta aliendelea kuuchunguza mtawanyiko huo wa nuru katika vimiminika vya kila namna, akisaidiwa na wanafunzi wake, mmojawapo akiwa K. S. Krishnan. Tarehe 28 Februari 1928 alithibitisha jambo hili: nuru ya rangi moja inapopita katika kimiminika, sehemu ndogo sana ya ile inayotawanyika hutoka ikiwa imebadilika rangi. Mwaka 1930 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa ugunduzi huo, na India hadi leo huiadhimisha tarehe hiyo ya Februari kuwa siku yake ya sayansi. Jambo lenyewe likapewa jina lake, likaitwa mtawanyiko wa Raman.

Je, mabadiliko hayo ya rangi yanatusaidia nini? Mfano wake tunao nyumbani. Mama anapochagua nazi sokoni haivunji. Huitikisa karibu na sikio, huigonga kwa kidole, na kwa sauti tu hujua kama ina maji, kama imekomaa au imeharibika. Nuru nayo hugonga molekuli, yaani zile chembe ndogo mno zinazounda kila kitu. Molekuli ikigongwa hutikisika, na kila aina ya molekuli ina mitikisiko yake, kwa kuwa viungo vinavyoshikanisha sehemu zake havilingani na vya nyingine. Nuru iliyoitikisa molekuli huacha humo sehemu ya nguvu yake, na kwa hiyo hutoka na rangi iliyopungua kidogo. Kiasi kilichopungua ndicho ile sauti ya nazi. Mwenye chombo cha kuzipambanua rangi hizo huona mistari iliyopangika kwa namna maalumu, na kutokana na mistari hiyo husema: hii ni sukari, hii ni urea, haya ni mafuta. Wataalamu huita kazi hiyo spektroskopia ya Raman. Sukari ya damu, kwa mfano, ina mstari wake mashuhuri karibu na namba 1125 katika vipimo vyao, na mstari huo haufanani na ule wa protini wala wa kolesteroli.

Kwa hiyo aliyeandika "teknolojia ya nuru" kwenye kisanduku aliazima jina la elimu ya kweli. Tatizo ni kwamba jina liliazimwa, na elimu ikaachwa ilipo.

Hapa ndipo linapokuja swali la pili, nalo linahitaji subira kidogo ya msomaji.

Ugumu wa kwanza ni unyonge wa ishara yenyewe. Katika kila chembe za nuru zipatazo milioni 10 zinazotawanyika, ni kama moja tu inayotoka na rangi iliyobadilika. Zilizobaki hutoka kama zilivyoingia, bila habari yoyote mpya. Ndiyo maana kwa miongo kadhaa elimu hii ilitumika zaidi katika maabara za kemia, hadi ilipogunduliwa leza mwaka 1960, ambayo hutoa nuru kali ya rangi moja, na hadi zilipopatikana kamera nyepesi za kuinasa nuru hafifu.

Ugumu wa pili ni uchache wa sukari. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akiwa mzima wa afya na hajala, kila lita huwa na sukari ipatayo gramu moja. Maana yake, sukari yote iliyo katika damu yake kwa wakati mmoja haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Tofauti kati ya 5.9 iliyosomwa na saa na 2.6 iliyosomwa na mashine ya muuguzi ni kama gramu 0.6 kwa lita. Uzito huo mdogo ndio uliotenganisha mtu aliyeketi akisoma juzuu yake na mtu aliyekaribia kupoteza fahamu.

Baadhi ya wasomaji watauliza: mbona wakati wa ugonjwa wa korona tulivalishwa kidoleni kile kibano chenye taa nyekundu, kikapima oksijeni bila sindano? Swali hilo ni zuri, na sisi pia tuliliuliza. Kibano kile hakitumii mtawanyiko wa Raman. Chenyewe hupima ni kiasi gani cha nuru kimemezwa na hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ambayo hubadilika wekundu wake inapobeba oksijeni na inapokosa. Hemoglobini ni nyingi, zaidi ya gramu 120 katika kila lita ya damu ya mtu mzima mwenye afya, na rangi yake ni kali. Sukari ni gramu moja tu, nayo ikiyeyuka haina rangi. Aliyefanikiwa kuona mnara wa msikiti kutoka ng'ambo ya bahari asidhani kwamba ataweza pia kuona tasbihi iliyo mkononi mwa muadhini.

Ugumu wa tatu ni ngozi. Ili nuru ifike kwenye damu au kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, lazima ipite katika ngozi, na ngozi ina protini, mafuta na rangi zake. Hivyo vyote hutikisika na kutoa mistari yao. Zaidi ya hayo, ngozi inapomulikwa kwa leza hutoa mng'ao wake yenyewe, ambao huizidi nguvu ishara ya sukari mara nyingi sana. Ni kama kujaribu kusikia mtu anayenong'ona katikati ya Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Watafiti hupunguza kelele hiyo kwa kutumia nuru iliyo karibu na infraredi, ambayo jicho haliioni, kisha hutumia hesabu nzito za kompyuta kutenganisha sauti moja na nyingine.

Juu ya magumu yote hayo, kuna watu waliofika mbali, na insafu inatutaka tuwataje. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliona kwamba molekuli zikiwa zimegusa fedha, yaani ile madini ya fedha, iliyokwaruzwa, ishara ya Raman huongezeka ajabu. Mwaka 1977 Richard Van Duyne na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba ongezeko hilo ni la mamia ya maelfu. Njia hiyo imefungua mlango wa kutambua vitu vilivyomo kwa uchache mno katika tone la damu lililokwishatolewa mwilini.

Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maabara iliyoongozwa na Michael Feld ilichapisha mwaka 1999 matokeo ya kupima kwa nuru ya Raman sukari, kolesteroli, urea na protini katika damu ya wagonjwa iliyowekwa katika vyombo. Mwaka 2005 maabara hiyo hiyo ikatoa matokeo ya kumulika mikono ya watu 17 wenye afya, waliokunywa maji ya sukari huku wakipimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walieleza jinsi wagonjwa 35 wa kisukari walivyotumia nyumbani kwao, kwa siku 60, mashine inayomulika nyama ya chini ya kidole gumba. Na mwaka 2020 watafiti wa taasisi ile ya Massachusetts, wakishirikiana na wenzao wa Samsung, waliripoti kwamba wameweza kuuona waziwazi mstari wa sukari kupitia ngozi, katika masikio ya nguruwe wa maabara. Wengine, kwa njia hiyo hiyo ya nuru, wanakifuatilia kile kitu cheusi ambacho vimelea vya malaria hukiacha ndani ya chembe nyekundu za damu.

Tunaomba msomaji aangalie mambo mawili katika orodha hiyo. Kwanza, ile mashine ya Denmark iliyokaa majumbani mwa wagonjwa ilikuwa ni chombo cha kuwekwa mezani, si kitu cha kuvaliwa mkononi, nayo ilihitaji kulinganishwa kwanza na vipimo vya kuchoma kidole ili iwe na pa kuanzia. Pili, hao ni watu waliotumia zaidi ya miaka 20, wakiwa na leza na kamera za thamani kubwa, na bado wanasema kwa unyenyekevu kwamba kazi haijaisha. Basi ile saa inayouzwa kwenye meza ya mtaani, karibu na chaja na vifuniko vya simu, imeipata wapi elimu ambayo wao hawajaikamilisha?

Kwa kawaida saa hizo huwa na taa ya kijani chini yake. Taa hiyo hufaa kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa kila pigo huongeza damu kidogo chini ya ngozi na nuru inayorudi hupungua. Sukari haimo katika habari hiyo. Namba inayoandikwa kwenye kioo ni ya kubahatisha, na huchaguliwa iwe katikati ya kiwango cha watu wenye afya, ili mvaaji afurahi. Kwa ajili hiyo hata ndizi ilionekana kuwa mzima wa afya. Mnamo Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, ikawatahadharisha wagonjwa kwamba kipimo cha uongo chaweza kuwafanya wakosee kipimo cha insulini au dawa nyingine, na kwamba makosa ya namna hiyo yaweza kuua.

Ili tusimdhulumu mtu, tubainishe. Kuna vifaa halali vinavyobandikwa mkononi au tumboni, vyenye kijiti chembamba kinachoingia chini ya ngozi, ambavyo hupima sukari mfululizo na kutuma namba kwenye simu au saa. Hivyo ni vya kweli, ila bei yake ni kubwa kwa wengi wetu. Alama ya kuvitambua ni kwamba kuna kitu kinachoingia ndani ya ngozi. Saa inayosema haigusi damu wala majimaji ya mwili, kisha ikatoa namba ya sukari, hiyo ndiyo ya kukaa nayo mbali.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi hasa, watu wa ngozi nyeusi. Rangi ya ngozi, iitwayo melanini, humeza nuru na kuongeza ule mng'ao unaosumbua. Tumekwisha kupata funzo kwenye kile kibano cha oksijeni: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, upungufu wa oksijeni ambao kifaa kiliukosa ulitokea karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo siku mashine ya kweli ya nuru itakapofika katika maduka yetu ya dawa, nasi tunaiombea ifike, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji liwe hili: ilijaribiwa kwa watu wangapi wenye ngozi kama yetu?

Turudi kwa mzee wetu. Alipopata nguvu tulimwuliza kwa adabu kwa nini aliiacha mashine yake ya zamani, iliyokuwa kabatini na stripu zake. Jibu lake lilituumiza kuliko yote. Alisema aliona uzito kutoa damu akiwa amefunga, akachelea isije swaumu yake ikaingia dosari. Saa ilimwondolea uzito huo. Nayo ilipomwonyesha kila siku namba nzuri, aliendelea kumeza dawa zake za kisukari baada ya daku kwa kiasi kile kile cha siku za kula, bila kurudi kwa daktari.

Sisi si mamufti, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Lakini jambo hili limekwisha kuzungumzwa na wanazuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha 10 cha mwaka 1997, lilitaja damu inayochukuliwa kwa ajili ya vipimo vya maabara miongoni mwa mambo yasiyofunguza. Tone la kidoleni ni dogo kuliko hilo. Tuliona haya kwamba miaka yote hiyo tumetangaza kutoka kwenye membari nyakati za daku na futari, wala hatukuwahi kulitangaza jambo hili hata mara moja. Laiti tungelitangaza, pengine saa ile isingenunuliwa.

Kadhalika, mwongozo wa kisukari na Ramadhani uliotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwa ushirikiano na wataalamu wa tiba wa nchi za Kiislamu unasema bayana: mwenye kisukari aliyefunga afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, au akijisikia dalili za kuzidiwa. Namba hizo zistahili kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni mwa jokofu. Lakini namba hazina maana ikiwa kipimo chenyewe ni cha uongo. Na kabla ya mwezi kuandama, mgonjwa aonane na daktari wake ili apangiwe dawa na saa za kuzimeza, au aelezwe wazi kwamba kufunga hakumfai.

Wala jambo hili si la wazee wachache. Takwimu za Shirikisho hilo za mwaka 2021 zilikadiria kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Kwa watu hao saa ya uongo ina madhara ya namna nyingine. Mama anayeona kiu isiyokwisha na kuamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo atavaa saa ya mwanawe, ataona 5.6, atatulia nyumbani, na ugonjwa utaendelea kumla macho na figo kimya kimya. Dada yetu muuguzi ametueleza kwamba amekwisha kukutana na wagonjwa wa namna hiyo.

Basi kamati ilifanya nini? Ilikutana tena, usiku wa siku ya 19. Tulisoma mbele ya wajumbe ile ibara tuliyoiandika, tukaomba ifutwe, na ikafutwa kwa kauli moja. Fedha ya sadaka ni amana, na nusura tuitumie kununua namba za kubuni. Badala ya saa 5 tulinunua mashine 2 za kawaida za kuchoma kidole, pamoja na stripu na sindano zake za kutumika mara moja. Kila Jumamosi baada ya swala ya Isha muuguzi wetu na mwenzake wanapima, wanaume ukumbini na wanawake upande wao, kila mtu kwa sindano yake mpya. Sindano zilizotumika hutiwa katika kopo gumu lenye mfuniko na kupelekwa kituo cha afya kuteketezwa. Mwenye namba ya kutia shaka huandikiwa barua aende hospitali, kwani kipimo kimoja cha msikitini hakitoshi kumhukumu mtu kuwa ni mgonjwa.

Kwa familia zenye mgonjwa wa kisukari, tunausia machache. Kijana anayetaka kumnunulia mzazi wake zawadi, na nia hiyo ni njema, amnunulie stripu za miezi mitatu, kwani ndizo zinazoisha na ndizo zinazomfanya mzee abane matumizi na kuacha kupima. Stripu zina tarehe ya mwisho na huharibika kopo likiachwa wazi kwenye joto na unyevu wa pwani, kwa hiyo mfuniko urudishwe papo hapo. Kabla ya kupima, mikono ioshwe na ikauke, maana aliyetoka kumenya embe atapimwa sukari ya embe. Na kila mtu wa nyumbani, hata mtoto wa darasa la nne, afundishwe dalili za kushuka sukari: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuvurugika. Akiziona, asiangalie saa. Ampe mgonjwa kitu kitamu ikiwa anaweza kumeza, na aite msaada. Akiwa hana fahamu asitiwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitali.

Elimu ya nuru iliyoanza kwa mtu mmoja kuitazama bahari na kukataa jibu jepesi, hatuidharau. Inshaallah itafika siku mgonjwa ataweka kidole gumba juu ya kioo na kuijua sukari yake bila tone la damu. Siku hiyo ikifika, itafika na ushahidi wake, na madaktari wetu watakuwa wa kwanza kutuambia.

Mzee wetu bado yupo safu ya kwanza, nafasi ile ile. Jumamosi iliyopita alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kupimwa, na alipata 7.1 baada ya chakula cha usiku, akafurahi. Saa yake bado anaivaa. Tulipomtania kwa nini hajaitupa, alituambia kwamba haina kosa katika kuonyesha wakati wa swala, na hiyo ndiyo kazi aliyomwachia.